Ncha ya Pili ya Mpira

Kijiji kizima kinajua kwamba bega la Ralaivao liliteguliwa na ng'ombe. Watu waliisimulia habari hiyo mpaka sokoni Ambositra, wakijivuna, utadhani ng'ombe alikuwa wao. Uongo mtupu. Bega lile liliteguliwa na mchi wa kutwangia mpunga, na waliokuwepo walikuwa wawili tu, Ralaivao mwenyewe na mkewe Bakoly, na hakuna kati yao aliyekuwa na sababu ya kufungua mdomo.

Ilikuwa hivi. Ralaivao alirudi kutoka kwenye karamu ya kuwavika wafu sanda mpya, tumbo limejaa nyama ya mafuta na kichwa kimejaa gongo ya miwa. Akataka wali. Bakoly akamwambia mpunga bado uko kinuni, asubiri kidogo. Asubiri! Mtu ambaye wanaume wenzake humpisha njiani, anaambiwa na mkewe asubiri. Akauchomoa mchi kinuni kwa mikono miwili, akaunyanyua mpaka ukagusa dari, akaushusha kwenye utosi wa Bakoly.

Bakoly hakuwa mgeni wa mikono ile. Aliinama kabla mchi haujafika. Ukaupata mwimo wa mlango, mwimo ukapasuka kuanzia juu hadi katikati, na bega la kulia la Ralaivao likatoka mahali pake. Likakaa mbele karibu na kwapa, chini ya ngozi, kama kiazi ndani ya soksi. Ralaivao akaanguka kwa magoti akinguruma. Bakoly akabaki ameegemea ukuta, pumba kichwani, akimtazama, na akafurahi. Ndiyo, alifurahi, na mimi simlaumu.

Asubuhi mama mkwe, Bi Ravony, alikuja mbio. "Nini kimempata mwanangu?"

"Yule dume mweusi wa mjomba," Ralaivao akasema haraka. "Nilimjaribu peke yangu jana. Kaniyumbisha vibaya."

Alipokuwa akisema hivyo alimwangalia Bakoly, na Bakoly akaelewa. Akaenda kuchota maji.

Wanaume wa huku hupimwa zizini. Fahali anachokozwa mpaka anatoka povu, wewe unaruka kutoka pembeni, unakumbatia nundu kwa mikono miwili na kuning'inia huku yeye anaruka na kupiga mateke. Hushiki pembe, hushiki mkia. Unabana nundu, basi. Ralaivao alikuwa bingwa wa kubana. Mkono wake wa kulia ulisifiwa katika nyimbo, wasichana waliutaja kwa jina lake. Bakoly aliujua kuliko wao wote. Sikio lake la kushoto lilikufa kwa kofi moja la mkono huo: lilivuma siku nyingi, kisha likanyamaza moja kwa moja. Tangu hapo mtu akitaka kusema naye lazima asimame kuliani kwake. Alipokimbilia kwa wazazi wake, Ralaivao alimfuata na msemaji wa ukoo, hotuba ndefu yenye asali, na zawadi ya kitambaa, kama desturi inavyotaka. Baba yake alipokea kitambaa, akamrudisha binti kwa mumewe. Alipokimbia tena, ikawa vilevile, ila safari hiyo baba alimsindikiza hadi njia panda akamwambia nyumba yao imejaa.

Basi, bega. Mjini Antsirabe madaktari walilipasua na kulishona ndani. Ulipofika wakati wa mazoezi, Ralaivao na mkewe wakakabidhiwa kwa Bi Hanta, mtaalamu wa viungo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya. Alitoa mpira mwekundu, mpana kama mkanda, akaanza kueleza. Ralaivao alitazama dirishani. Kufundishwa na mwanamke namna ya kutumia mkono wake ule! Bi Hanta alimwona, akamgeukia Bakoly.

"Nisikilize wewe, dada. Misuli ya kubana huyu anayo mpaka imezidi. Ya nyuma, inayougeuza mkono nje na kuupandisha, ndiyo imelala. Kwa hiyo zoezi la kuvuta kwenda nje ndiyo dawa yenyewe. La kuvuta ndani mpe kidogo tu. Akifanya la ndani peke yake, mkono utabana vizuri sana, lakini hautapanda kupita bega. Umenipata?"

Bakoly alikuwa amemgeuzia sikio zima. "Nimekupata."

"Njoo uishike ncha hii. Anayeshika naye hufaidika, usidhani." Kisha akashusha sauti. "Na hilo sikio lako jingine?"

"Maradhi ya utotoni."

Bi Hanta aliutazama mkono wa Ralaivao uliolala kwenye kitambaa chake cha shingoni. Aliutazama kwa muda mrefu.

Kitambaa kilipotolewa, mazoezi yakaanza nyumbani. Ule mpira mwekundu walifunga ncha moja kwenye bawaba ya mlango, kama walivyoonyeshwa. Ralaivao akavuta mara moja kwa hasira zake, na ule mwimo uliopasuka ukatoka ukutani pamoja na mlango. Mlango ukaanguka ndani ukavunja chungu, na mpira ukakatika. Bakoly alikata mwingine kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, mrefu, mweusi, mgumu kuliko ule wa hospitali. Lakini nyumba haikuwa tena na mahali pa kuufungia.

"Shika wewe," Ralaivao akasema.

Hivyo ndivyo Bakoly alivyogeuka mwimo wa mlango. Asubuhi kabla ya shamba na jioni kabla ya wali, alisimama kuliani kwa mumewe, kiwiko chake kimebanwa ubavuni, mpira ameuzungusha kwenye kiganja. Ralaivao alivuta kuelekea tumboni mwake, naye Bakoly alivuta kuelekea nje.

Siku ya kwanza alimwambia, "Sasa geuka tufanye la nje."

Ralaivao alijaribu mara moja. Mkono ulitetemeka kama wa mtoto aliyetoka usingizini. Akauangalia mkono wake unavyotetemeka, na uso ukambadilika.

"Hii nini? Hii ni kufukuza kuku. Nani umewahi kumwona zizini anaisukuma nundu? Watu wanabana. Nipe la kubana."

"Bi Hanta alisema..."

"Bi Hanta amewahi kumbana fahali?"

Kesho yake Bakoly alirudia tena, kwa upole, akiwa amepiga magoti kwenye jiko. Kwenye moto kulikuwa na sufuria ya maji ya ukoko, yale tunayokunywa baada ya wali, yanachemka. Ralaivao aliipiga teke. Maji yalimwagika mapajani mwa Bakoly, na ngozi ikaondoka pamoja na nguo alipoivua. Alipiga kelele mpaka jirani yake Perline akachungulia, akaona, akarudi kwake. Nani ataingia kati ya Ralaivao na mkewe?

Kuanzia hapo Bakoly hakulitaja tena zoezi la nje. Alinyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa na akili ndani yake.

Usifikiri mazoezi yenyewe yalikuwa ya amani. Ralaivao alikuwa na mchezo wake: Bakoly akishavuta kwa nguvu zote, yeye anaachia ghafla. Mpira unaruka na kumchapa mkewe usoni. Mdomo ulipasuka, jicho likavimba, na Ralaivao alicheka mpaka akashika mbavu. "Hata mwimo wa mti ulikuwa na akili kukuzidi." Bakoly alijifunza. Alijifunza kupanua miguu, kukaza kiuno, kuusikia mkono wa mumewe kupitia mpira kama mvuvi wa mtoni anavyomsikia samaki kwenye uzi, na kujua kabla hajaachia kwamba anataka kuachia. Mpira ukaacha kumpata. Ralaivao akachoka na mchezo.

Alibakiza maneno. Jioni, akimaliza kuvuta, alikuwa anampigapiga mkewe shavuni kwa mkono ule, taratibu, anatabasamu. "Linapona, eh? Likipona kabisa tutaanzia pale mchi ulipoishia."

Hakuwa anatania. Mchi uleule ulisimama kando ya kinu, na Bakoly aliutwangia kila siku. Fikiria mwenyewe. Unaamka asubuhi, unaushika mpira, unauimarisha mkono utakaokuja kukupasua kichwa, na unaambiwa usimame vizuri. Aliogopa. Kila jioni mvuto ulikuwa mzito zaidi ya jana, na kila jioni alijilaza akijiuliza kama ni kesho.

Lakini jambo jingine nalo lilikuwa linakua, na yeye mwenyewe alichelewa kulitambua. Wakati wa mavuno aliinua matita ya mpunga na kuyatupa juu ya bega kama mito ya kulalia. Perline akasimama mtaroni, mikono kiunoni.

"Dada, mumeo anakulisha nini siku hizi?"

"Ananilisha mpira."

Perline alicheka, hakuelewa. Bakoly mwenyewe ndipo alipoanza kuelewa, njiani akirudi, akiutazama mkono wake wa kulia.

Siku nyingine alimwambia mumewe, "Nishushie ungo ule pale juu." Alisema kama mtu asiye na neno. Ralaivao akanyoosha mkono wa kulia. Ukapanda hadi usawa wa bega, ukasimama. Akaukunja uso, akajaribu tena. Ukasimama palepale.

"Leo limekaza," akasema, akaushusha ungo kwa mkono wa kushoto.

Bakoly aligeukia moto ili uso wake usionekane. Mchi hauwezi kushuka kwenye utosi wa mtu kama haujapanda kwanza. Moyo ulimwenda mbio kwa furaha hata akasahau kutia chumvi mboga, na kwa chumvi hiyo alipata teke la kiuno. Teke alilivumilia.

Ila furaha ile haikukaa. Kadiri Jumatatu ya Pentekoste ilivyokaribia, ambapo zizi hufunguliwa na ukoo wote huja kutazama, ndivyo alivyokosa usingizi. Kumkumbatia fahali ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni kutoka. Ukishaachia nundu, fahali anageuka, na wewe una nafasi ndogo sana ya kurusha mkono juu, kushika jiwe la ukingo wa ukuta na kujivuta nje. Bakoly alizaliwa kando ya zizi, alijua. Alijua kwamba Ralaivao hurusha mkono wa kulia, na kwamba mkono ule haufiki juu. Ralaivao hakujua. Kwenye zizi la majaribio walimletea ndama waliochoka, na kutoka alipita mlangoni kama bwana.

Siku ya kuamkia Jumatatu hiyo Bakoly alishindwa kukaa kimya. Kumwacha mtu alemae mkono ni kitu kimoja, kumwacha aende kufa ni kingine. Akamfuata uani.

"Ralaivao, ule ukuta wa zizi. Mkono wako..."

Alikuwa amemshika kiwiko. Ralaivao akaruka nyuma kama aliyeunguzwa, kisha akampiga kwa mkono wa kushoto, ngumi ya kinywa.

"Unanigusa leo? Unataka nife?"

Ndiyo mwiko wetu. Tangu jioni ya kuamkia zizi, mpiganaji haguswi na mkewe wala hasemezwi naye, nguvu zisije zikamwagika. Ralaivao alikwenda kulala kwa mama yake, na Bakoly akabaki uani akitema damu pamoja na yale aliyotaka kusema.

Kesho yake jua lilikuwa kali na upepo baridi. Zizi letu limechimbwa chini na kuzungushiwa ukuta wa mawe, na wanawake husimama juu ya ukuta wakiimba na kukanyaga kwa miguu ili fahali apandwe na wazimu. Lile dume jeusi la mjomba liliingizwa. Vijana walilichoma na fito, likazunguka mara mbili, likampata mmoja kwa bega na kumbamiza ukutani; alitolewa akiwa anatapika. Mwingine alishika nundu kwa muda wa pumzi moja, akarushwa, akakanyagwa mkono. Mifupa ilisikika. Wanawake wakaimba kwa nguvu zaidi.

Ralaivao akaingia. Kifua wazi, kitambaa chekundu kiunoni. Hakuruka mapema kama vijana. Alingoja dume lipite, akaidaka nundu, na mkono ule wa kulia ukafunga.

Lazima niseme kweli: ilikuwa kazi nzuri. Dume liliruka miguu yote minne ikaacha ardhi. Lilijipinda, likajigonga ukutani likitaka kumsagia mawe, ngozi ya mgongo wake ikabaki kwenye mawe, damu ikatiririka hadi kwenye kitambaa. Hakuachia. Miezi yote ile ya kuvuta ndani ilikuwa pale kwenye nundu. Wanaume walisahau kupiga mbinja, walitazama tu. Bi Ravony alikuwa analia kwa furaha. Bakoly alikuwa juu ya ukuta upande wa pili, mdomo umevimba, na macho yake hayakuwa kwenye nundu. Yalikuwa kwenye ukingo wa mawe.

Dume likalegea kidogo. Ralaivao akaachia mahali pazuri, chini kabisa ya pale Bakoly aliposimama, akarusha mkono.

Ukafika usawa wa bega, ukasimama.

Bakoly aliuona uso wake. Hakuwa na maumivu. Alikuwa na mshangao, kama mtu aliyeita jina la mbwa wake na mbwa hakuja. Akarusha tena, ukasimama tena. Nyuma yake dume lilikuwa limekwisha geuka. Akajaribu wa kushoto, vidole vikashika jiwe lenye utelezi, vikateleza. Pembe ikamwingia nyuma ya paja na kumnyanyua, ikatoka na nyama.

Bakoly alijitupa kifudifudi juu ya mawe. Aliushika ule mkono wa kushoto kwenye kifundo, akabana kiwiko ubavuni, akavuta kama alivyovuta asubuhi na jioni, kwenda nje, kwenda kwake. Ralaivao akapanda. Mtu mzima, mzito, anachuruzika damu, alipanda ukutani mikononi mwa mwanamke mmoja. Pembe zikagonga mawe pale miguu yake ilipokuwa.

Kisha sauti ya mwanamume mmoja ikatoka upande wa jua: "Ralaivao kamshinda fahali, mke kamshinda Ralaivao."

Kicheko kilichofuata kilisikika bondeni. Bi Ravony alikuja akisukuma watu. "Umemgusa. Siku ya zizi umemgusa mwanangu. Umemmaliza nguvu."

Bakoly alikuwa anahema, damu ya mumewe hadi kwenye viwiko. "Basi mama, nimrudishe chini?"

Wanawake walicheka mpaka wakashikana. Ralaivao, aliyekuwa amelala kifudifudi huku mganga wa zahanati akimfunga paja, hakucheka. Alikuwa anautazama mkono wake wa kulia.

Paja lilishonwa, likakauka. Alipoanza kutembea kwa fimbo alikwenda kilabuni, na huko wakamwuliza kama siku hizi mkewe ndiye anayempandisha kitandani. Alirudi mchana, hakuwa hata amelewa sana. Bakoly alikuwa anatwanga. Alikiona kivuli chake mlangoni, pale mlango ulipokuwa zamani, akajua siku imefika.

Ralaivao akaitupa fimbo, akampokonya mchi, akaushika kwa mikono miwili, akaunyanyua. Mkono wa kushoto ulipanda, wa kulia ukasimama begani. Mchi ukapinda upande, ukamponyoka, ukaanguka nyuma yake. Akauokota. Akarudia. Ukaanguka tena, safari hii kwenye mguu wake mwenyewe.

Akasimama anahema. "Ulijua."

"Nilijua."

"Ukaniacha niingie zizini."

"Nilikwambia mara mbili. Makovu ya jibu lako yako mapajani mwangu. Mara ya tatu nilikufuata uani ukanipasua mdomo."

Kubana bado alikuwa anaweza. Ralaivao alimrukia kama alivyomrukia yule dume, mkono wa kulia ukamzunguka shingoni, ukafunga. Jamani, ule haukuwa mkono wa kufukuzia kuku. Bakoly aliona giza. Alisikia mifupa ya koo lake ikilalamika, na pumzi haikupita, wala ya kuingia wala ya kutoka. Alipiga miguu, kinu kikaanguka, mpunga ukamwagika. Ralaivao alikuwa anamwambia kitu sikioni, lakini alikuwa upande wa kushoto, na hakuna kilichosikika.

Ndipo mkono wa Bakoly ulipopata kile kifundo. Mkono wenyewe ulijua la kufanya. Kiwiko ubavuni, kiuno kimekazwa, miguu imepanuliwa. Yeye anavuta ndani, wewe vuta nje. Zoezi lilikuwa lilelile, mpira ndio haukuwepo. Ralaivao alivuta kwa nguvu zake zote za bingwa, na Bakoly akavuta kwa nguvu zote alizopewa na mumewe huyohuyo, na polepole, polepole sana, ule mkono ukaanza kufunguka. Pumzi ikaingia. Akaendelea. Akaufungua hadi ukanyooka mbele, akageuka nao, akausukuma nje zaidi, kule ambako Ralaivao hakuwa na msuli hata mmoja wa kumsaidia. Ralaivao akapiga magoti. Bakoly alilisikia bega likianza kuteleza chini ya kiganja chake, taratibu, kama jino bovu.

"Hapa ndipo linapotokea," akasema, sauti imekwaruza. "Nisogeze?"

Ralaivao alikuwa kijivu usoni. Jasho lilimdondoka kwenye mpunga.

"Nimekuuliza."

"Usisogeze."

"Nani anasema?"

"Nakuomba, Bakoly."

Alitamani kusogeza. Sitamsingizia wema ambao hakuwa nao: alitamani mpaka meno yakamwuma. Aliushikilia mkono ule pale ukingoni kwa muda, mumewe apajue vizuri. Halafu akauachia, akakiinua kinu, akaanza kuokota mpunga.

Jioni ile Ralaivao alichukua blanketi lake akahamia kwa mama yake. Huku kwetu mke ndiye hukimbilia kwao, na mume hufuata na msemaji kumbembeleza. Mume kukimbilia kwao hatukuwa tumeiona, na hatukuwa na desturi yake. Watu walicheka hadi wakachoka kucheka.

Mkono nao ulizidi kuwa mzito. Bi Ravony alimpeleka mwanawe Antsirabe, na Bi Hanta akampima akasema bado unaweza kupanda, hajachelewa, ila afanye mazoezi ya nje, na ncha ya pili ishikwe na mtu anayeyajua. "Mkeo anayajua," akasema. "Nilimfundisha vizuri." Akakataa kumfundisha mtu mwingine.

Kwa hiyo wakaja. Mzee Rainisoa, msemaji wa ukoo, yule yule aliyewahi kumrudisha Bakoly kutoka kwa baba yake, aliketi mkekani na kitambaa cha hariri kimekunjwa magotini. Bi Ravony nyuma yake. Nyuma ya Bi Ravony, Ralaivao, mkono mapajani. Bakoly aliketi karibu na kinu anachambua mpunga, amewapa ubavu wa kushoto.

Mzee Rainisoa alihutubu. Aliomba radhi kwa mababu, kwa wakubwa, kwa wadogo, kwa mwanamke wa nyumba hii. Alisema ulimi na meno hukaa pamoja, alisema nyumba, alisema jiko, alisema mkono wa mume ni nguzo ya mke. Alisema vizuri, Bi Ravony alilia. Bakoly aliendelea kuchambua, hakuinua uso. Hotuba ilipokwisha walingoja jibu. Wakangoja sana.

"Binti yangu," mzee akasema mwishowe, "umesikia?"

Bi Ravony akamgusa mzee goti, akamwonyesha sikio la Bakoly. Hapo ndipo Bakoly alipogeuka.

"Mzee, nisamehe. Umehutubia upande uliokufa, na aliyeuua umemficha nyuma ya mama yake. Sikio hili likifunguka, mleteni, aje na mpira wake. Tutaanza la nje siku hiyohiyo."

Mzee Rainisoa aliukunja kitambaa upya, ingawa kilikuwa kimekunjwa. "Na lisipofunguka?"

"Basi atafukuza kuku kwa mkono wa kushoto."

Hakuna aliyecheka safari hii. Ralaivao aliangalia mchi. Wakainuka mmoja mmoja, wakatoka pale pasipo na mlango. Bakoly akamimina mpunga kinuni, akaushika mchi, akaunyanyua mpaka ukagusa dari, akaendelea kutwanga.